Nyumbani Mnasikiliza Nyimbo Gani Siku Hizi?

Hakuna nyumba isiyo na wimbo. Hata ile ambayo mwenyewe hudai kwamba hapendi makelele, ukipita jikoni asubuhi utamsikia mama akiimba kwa sauti ya chini huku akichekecha unga, au mtoto akipiga mluzi njiani kwenda kuteka maji. Askari naye, anapong'arisha viatu au kupiga pasi sare yake, aghalabu huwa na wimbo mdomoni. Lakini ni mara chache watu wa nyumba moja huulizana: "Siku hizi unasikiliza nyimbo gani?"

Swali hilo huonekana dogo, la kupitisha wakati tu. Kumbe ni mlango. Mtu akikusikilizisha wimbo anaourudia kila siku, amekufunulia pia jambo linalomzunguka moyoni, na pengine ni jambo ambalo asingeweza kulitamka kwa maneno yake mwenyewe.

ZAMANI CHOMBO KIMOJA

Katika kambi za jeshi na nyumba za polisi nchini Uganda, kwa miaka mingi swali hilo halikuwa na haja ya kuulizwa. Redio ilikuwa moja, nayo ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Betri zilikuwa ghali. Zilipolegea zilianikwa juani zipate nguvu kidogo. Baba alipofungua redio ya taifa, iliyoanza kutangaza mwaka 1954, nyumba nzima ilisikia, na jirani pia, kwa sababu ukuta ulikuwa mmoja.

Nyimbo zenyewe zilitoka pande zote. Kutoka Kinshasa zilikuja za Franco na bendi yake ya OK Jazz, iliyoundwa mwaka 1956. Kutoka Morogoro zilikuja za Mbaraka Mwinshehe, hadi alipofariki katika ajali ya gari huko Mombasa mwezi Januari 1979. Kutoka Nairobi alisikika Samba Mapangala, Mkongo aliyepitia Uganda kabla ya kuweka makao Kenya, pamoja na bendi yake ya Virunga na wimbo wao "Vunja Mifupa". Hapo hapo Kampala ikazaliwa Afrigo Band mwaka 1975. Huko Tanzania hata vikosi vilikuwa na bendi zao: Polisi Jazz, Mwenge Jazz ya wanajeshi, na Kimulimuli ya Jeshi la Kujenga Taifa. Aliyevaa gwanda mchana, usiku alishika gitaa, na raia na askari walicheza uwanja mmoja.

Siku hizi mambo yamegeuka. Stesheni za redio za watu binafsi zilianza Uganda mwaka 1993, zikawepo pia kaseti nyingi za bei nafuu, kisha santuri ndogo za CD, na hatimaye simu ya mkononi. Sasa chumba kimoja huweza kuwa na watu wanne na nyimbo nne, kila mmoja ameziba masikio kwa vijispika vyake, wala hapana ajuaye mwenzake anasikia nini. Simu si ya kulaumiwa, kwani imeleta manufaa makubwa. Lakini ule usikivu wa pamoja, uliowafanya baba, mama na watoto wacheke mahali pamoja katika wimbo na wanyamaze mahali pamoja, sasa haupatikani bila kutafutwa.

WIMBO ULIOSEMA LISILOSEMEKA

Thamani ya usikivu huo ilionekana waziwazi katika miaka ya 1980, wakati ugonjwa wa UKIMWI ulipoingia nyumbani mwa watu. Nchini Uganda wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mwaka 1982 katika wilaya ya Rakai, kando ya Ziwa Victoria. Watu waliuita ugonjwa huo "slim", kwa jinsi ulivyowakondesha. Jeshi nalo halikusalimika: mwaka 1986 maafisa 60 wa Uganda waliokwenda Cuba kwa mafunzo walipimwa, na 18 kati yao wakakutwa na virusi. Hata hivyo, nyumba nyingi zilinyamaza. Mume hakumwambia mke, mke hakumwuliza mume, na watoto waliambiwa kwamba mjomba amerogwa.

Ukimya huo ulivunjwa na wanamuziki kabla ya wengi wengine. Mwaka 1987 Franco alitoa wimbo mrefu uitwao "Attention na SIDA", akiwaonya watu wa rika zote na kazi zote. Mwezi Aprili 1989 Philly Lutaaya, mwanamuziki wa Uganda aliyekuwa akiishi Sweden, alijitokeza hadharani na kutangaza kwamba ana UKIMWI. Wakati huo alikuwa amekwisha kupendwa nchi nzima kwa nyimbo zake, zikiwemo zile za Krismasi ambazo familia za Uganda huziimba kila mwezi wa Desemba. Wapo waliokataa kumwamini. Walisema anatafuta fedha na sifa. Yeye hakurudi nyuma. Alizunguka mashuleni na makanisani akizungumza na watu, mwili wake ukizidi kudhoofika mbele ya macho yao, na akarekodi wimbo wa "Alone", unaosimulia upweke na hofu ya mgonjwa na kuwaita wenzake wasimame pamoja naye.

Franco alifariki tarehe 12 Oktoba 1989. Lutaaya alimfuata tarehe 15 Desemba mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 38. Lakini kazi ilikuwa imefanyika. Wimbo ulipopigwa redioni, watu wote wa nyumba waliusikia kwa pamoja, hapana aliyeweza kujifanya kwamba hakusikia. Baba aliyeshindwa kulianza jambo aliweza kuuliza tu: "Mmesikia anavyosema huyu?" Na mama aliyekuwa na wasiwasi miezi mingi aliweza kujibu: "Tumesikia. Basi na sisi twende tukapimwe." Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Wimbo ulifunua yaliyofichwa, na waliojua hali zao mapema waliweza kuwakinga wenzi wao. Leo kuna jambo jema zaidi: zipo dawa, na mwenye virusi anayezimeza kila siku kama alivyoelekezwa huweza kuishi miaka mingi, virusi vikififishwa hadi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Hilo nalo ni jambo la kuzungumzwa nyumbani, na wimbo wa Lutaaya bado unaweza kuwa mwanzo wa mazungumzo.

KUSIKIA SIO KUELEWA

Tofauti ya lugha ni sababu nyingine ya kusikilizishana. Vijana wengi huzicheza nyimbo za zamani za Kongo wasijue hata neno moja la Kilingala. Chukua "Mario", wimbo wa Franco wa mwaka 1985. Masikioni mwa kijana ni magitaa matamu tu. Lakini wimbo huo ni kisa cha kijana aliyesoma, mwenye nguvu zake, aliyeacha kujitafutia riziki na kukaa akilishwa na mama mwenye mali aliyemzidi umri, mpaka mama huyo akachoka naye. Mzazi akimweleza kijana wake kisa hicho jioni moja, atakuwa amemwonya juu ya uvivu na tamaa bila kutoa hotuba, na kijana hatakimbia, kwa kuwa muziki unaendelea.

Watoto nao wana ya kuwafundisha wazazi. Mwaka 2014 Eddy Kenzo alipotoa "Sitya Loss", watoto wadogo wa Kampala walioonekana wakicheza katika filamu ya wimbo huo walichangamsha dunia. Wazee wengi waliposikia vijana wao wakiupiga walisema ni makelele. Wale waliokaa na watoto wao wakautazama, waliona jambo jingine: watoto wa hali ya chini, wamevaa nguo za kawaida, wana furaha isiyonunuliwa. Kipya kinyemi, ijapokuwa kidonda. Lakini si kila kipya ni kidonda.

NAMNA YA KUANZA

Jambo hili halihitaji fedha. Nyumba inayotaka kulianza ichague jioni moja katika juma, baada ya chakula, vijispika vyote viwekwe kando. Kila mmoja, kuanzia mdogo, apige wimbo mmoja alioupenda karibuni na aseme kwa maneno machache kwa nini ameupenda. Wengine wasikilize mpaka mwisho. Si vizuri kucheka chaguo la mtu, wala kukata wimbo katikati. Ikiwa maneno yake ni ya matusi, mzazi asikie kwanza, kisha aulize kwa utulivu kijana anaelewa nini ndani yake. Kukataza kabla ya kusikia humfundisha mtoto kujificha tu.

Kwa familia ambayo baba au mama yuko kazini mbali, faida ni kubwa zaidi. Tangu mwezi Machi 2007, askari wa Uganda walipoanza kwenda Somalia, wake, waume na watoto wengi wamejua maana ya kukaa miezi mingi bila kuonana. Katika simu ya dakika chache mazungumzo huishia kwenye karo, kodi na afya, na mengine hubaki kooni. Mke akimwambia mumewe wimbo anaousikiliza usiku watoto wakisha kulala, naye mume akautafuta na kuusikiliza baada ya zamu yake, wawili hao wamekaa pamoja kwa dakika tano ingawa nchi zimewatenganisha. Na mume akiona kwamba nyimbo zote anazotumiwa ni za huzuni, ajue kuna la kuuliza. Vilevile mke akisikia kwamba askari wake, aliyependa muziki tangu ujana, siku hizi hasikilizi chochote, asilichukulie hilo kuwa dogo. Moyo ulioacha kuimba mara nyingi umebeba mzigo, na mzigo hupungua kwa kusaidiwa.

Jamaa wanaoishi chini ya paa moja hujua nani hapendi pilipili na nani hulala mapema. Ni haki yao wajue pia nani ana wimbo gani moyoni. Swali ni jepesi na jibu halina gharama. Anayeliuliza leo huenda akasikia jambo ambalo kesho lingekuwa limechelewa.