Maili za ndege kwa karte ya kredi: nani anazilipa, na zinatufikisha wapi?



Kila likizo kubwa ikikaribia kuna neno linarudi: «Mimi nitakuja nyumbani kwa maili, sitalipa tiketi.» Mwenye kusema iko Dayton, Des Moines, Portland ama Montreal. Mwenye kusikia iko Bukavu, Kisangani ama Lubumbashi, na anafikiri yule ndugu amepata mpango wa siri na banki. Siri hapana. Ni mfumo unaojulikana, na unaeleweka bila kuwa mtu wa ekonomia. Tuuangalie vizuri, juu tiketi ya kutoka kule mpaka kwetu inaweza kumeza mshahara wa mwezi wa mtu anayefanya kazi ya usiku kwenye depo, na mfumo huu unaorudisha wengine nyumbani njo huohuo unaoingiza wengine mu deni.

Kwanza, maili hapa si umbali tena. Tarehe 1 Mei 1981 American Airlines ilianzisha programu yake AAdvantage: abiria anaandikisha jina, kampuni inahesabu umbali aliosafiri, akifikisha kiasi fulani anapewa tiketi. Wakati ule ulikuwa lazima upande ndege. Mu 1987 banki ya Citibank ikatoa karte ya kredi ya AAdvantage, na hapo mambo yakageuka: mtu akaanza kupata maili kwa kununua mafuta ya gari na mboga, bila kutoka mtaani kwake. Leo maili ni kama franga ya kampuni ya ndege. Kampuni yenyewe inaitengeneza, yenyewe inaamua inanunua nini.

Sasa nani analipa? Ukinunua kitu cha dola 100 kwa karte ya kredi kule Marekani, mwenye duka hapati 100. Karibu dola 2, mara nyingine zaidi, zinabaki kwa banki na kwa mtandao wa karte. Banki inachukua sehemu ya pesa hiyo na kununua maili kwa kampuni ya ndege, kisha inakupatia wewe. Biashara hii hapana ya watoto. Mwaka 2024 Delta ilipokea dola bilioni 7.4 kutoka kwa American Express peke yake. Na mu 2020, wakati wa korona, ndege zikiwa zimelala, United iliweka programu yake ya maili rehani na kukopa juu yake dola bilioni 6.8. Yaani vile mtu anaweka parcelle yake, wao waliweka maili.

Lakini banki haiishi kwa zile dola 2 tu. Kuna ada ya karte ya kila mwaka. Na kuna riba ya wale ambao hawamalizi fakture. Tangu 2023 riba ya wastani ya karte za kredi Marekani imepita 20 kwa mia kwa mwaka. Hapa njo pa kusimama kidogo. Mwenye kulipa yote kila mwezi anapanda ndege kwa maili ambazo, kwa sehemu, zinalipwa na yule aliyeshindwa kulipa. Na wetu wengi waliofika kule juzi, wenye nyumba ya kupanga, gari la deni na familia ya kulisha mu inchi mbili, wanaangukia upande gani? Mnajua jibu.

Tupige mahesabu. Umetumia dola 4,000 kwa karte inayotoa maili moja kwa dola moja. Una maili 4,000. Kwa kawaida maili moja ina thamani ya senti moja, tuseme senti moja na nusu kama unajua kuitumia. Basi umepata kitu cha dola 40 mpaka 60. Sasa fakture imefika na hauna pesa ya kuimaliza. Kwa riba ya 24 kwa mia, mwezi mmoja wa zile 4,000 ni dola 80. Mwezi mmoja tu, na maili zote zimekwisha kuliwa, na bado unadaiwa. Mtu ambaye hawezi kumaliza fakture kila mwezi, maili si mambo yake kwa sasa. Atafute karte ya kawaida isiyo na ada, ama ile ambayo unaweka kwanza pesa ya garanti banki, ajenge jina lake la kredi taratibu. Maili zitamngoja.

Kuna mtego mwingine ambao unatukamata sisi zaidi kuliko Wamarekani wenyewe, nao ni kutuma pesa. Ndugu anafikiri: kila mwezi ninatuma dola 300 nyumbani, kwa nini nisizitume kwa karte ya kredi nipate maili? Banki nyingi zinahesabu malipo hayo sawa na kutoa pesa kashi kwenye karte. Hapo maili hakuna. Komisio inakatwa palepale, na riba inaanza kutembea siku hiyohiyo, bila zile wiki tatu hivi za kungojea ambazo unapata ukinunua vitu dukani. Pesa ya mama itumwe kwa karte ya kawaida, ile inayokata moja kwa moja kwenye konti. Nyumba ya kupanga vilevile: wenye nyumba wanaokubali karte wanaongeza karibu 3 kwa mia juu yake, na maili hazifikii pale.

Basi wale wanaosafiri kweli kwa maili wanazipata wapi? Matumizi ya kila siku ni ya polepole sana: dola 1,500 kwa mwezi ni maili 18,000 kwa mwaka, na safari ya kwenda-kurudi Afrika inaomba mara nyingi zaidi ya hiyo. Kinachofanya kazi ni zawadi ya kufungua karte. Banki inasema, kwa mfano: tumia dola 4,000 ndani ya miezi mitatu, tutakupa maili 60,000. Hizo ni nyingi kuliko miaka mitatu ya kununua mboga. Hatari yake inaonekana: mtu ananunua televizio kubwa ili afikishe 4,000. Mwenye akili anafungua karte wakati anajua tayari kuna malipo makubwa yanakuja, kama asiransi ya gari, masomo ya mtoto, matairi, na pesa zenyewe ziko konti. Mume na mke wanaweza kufungua kila mmoja yake, kwa zamu, siyo siku moja. Kila ombi linaandikwa kwenye historia yako ya kredi, na banki hazipendi mtu anayebisha hodi kila mlango.

Kama iko nafasi ya kuchagua, karte ambayo inatoa pointi za banki yenyewe mara nyingi ni bora kuliko ile iliyofungwa na kampuni moja ya ndege. Pointi za American Express ama za Chase zinaweza kuhamishwa kwa kampuni nyingi, ndani yake Aeroplan ya Air Canada na Flying Blue ya Air France na KLM. Lakini ukishazihamisha hazirudi. Unatafuta kiti kwanza, unakiona kwa macho, njo unahamisha.

Na kiti cha kwenda wapi? Hapa watu wetu wengi wanapotea juu wanafikiri maili za United zinapanda ndege za United tu. Kampuni zimeungana mu makundi. United, Air Canada, Ethiopian, Brussels Airlines na Turkish ziko pamoja mu Star Alliance. Delta, Air France, KLM na Kenya Airways ziko SkyTeam. Maili ulizopata kwa kununua mboga Ohio zinaweza kukuingiza kwenye ndege ya Ethiopian inayotoka Washington, Chicago ama Toronto kwenda Addis Ababa, na kutoka pale kwenda Kinshasa, Lubumbashi, Bujumbura, Kigali ama Entebbe. Kwa watu wa Kivu hilo lina uzito wake. Kiwanja cha Goma kilifungwa Januari 2025, Kavumu mwezi uliofuata, na wengi wanateremkia kwa majirani kisha wanaendelea kwa barabara ama kwa boti. Ile kipande cha mwisho maili hazilipi. Weka dola zake pembeni.

Tiketi ya maili pia si bure kabisa. Takse za viwanja unalipa, na kampuni nyingine zinaongeza juu yake kitu wanaita mafuta, ambacho kinaweza kufika mamia ya dola. Programu zinatofautiana sana hapo. United haiongezi hayo mafuta, na Aeroplan iliyaondoa tangu Novemba 2020, ingawa inakata dola 39 za Kanada ukipanda ndege ya kampuni rafiki. Safari ni ileile, kiti ni kilekile, ila mmoja atalipa dola 100 na mwingine 500 juu alitumia maili za programu tofauti. Angalia mara mbili mbele ya kubonyeza.

Hesabu ya kujua kama unafanya vizuri ni rahisi. Chukua bei ya tiketi kwa pesa, toa takse ambazo utalipa vyovyote, gawanya kwa maili wanazoomba. Tuseme tiketi ni dola 1,600, takse 150, wanaomba maili 80,000. Unabaki na 1,450 kwa 80,000: karibu senti moja na nukta nane kwa kila maili. Hapo chukua. Kama tiketi hiyohiyo iko promosheni kwa 850, maili moja inakuwa chini ya senti moja: lipa pesa, chunga maili. Njo maana maili zinapendeza zaidi kwa safari ndefu kuliko kwa saa moja ya kutoka mji huu kwenda mji ule. Kwetu bei ya pesa ni kali.

Na inakuwa kali zaidi siku ya kilio. Mzazi amekufa Jumanne, mazishi Jumamosi, tiketi ya kununua leo kuondoka kesho inaweza kupanda mara mbili. Bei ya maili kwenye ndege za kampuni rafiki haipandi mara zote namna hiyo. Kama kiti kiko, mara nyingi unakipata karibu na bei ya siku za kawaida. Nimewasikia watu wakisema maili ni starehe ya matajiri. Kwangu, matumizi yake ya kwanza ni hii: familia ya diaspora kuwa na maili za mtu mmoja zilizowekwa kwa ajili ya simu ile ya usiku.

Lakini kuchunga si kurundika. Maili si mbuzi, hazizai. Delta iliacha kuchapisha jedwali la bei za maili mu 2015, United ikafuata mu 2019, na tangu hapo bei inabadilika bila mtu kukupigia simu. Mwenye maili 200,000 za «nitakuja siku moja» anazidi kuwa maskini kila mwaka. Maili za safari moja ya haraka, sawa, zilizobaki, zitumie.

Unaweza pia kumtumia mama. Si lazima uhamishe maili kwenda jina lake, kuhamisha kunalipiwa. Unachukua tiketi kwa jina lake kutoka konti yako. Hapo angalia njia. Paspoti ya Kongo inaomba viza ya kupita kiwanjani mu inchi za Schengen, hata kama mama hatoki nje ya kiwanja cha Brussels ama Paris. Mwenye viza halali ya Marekani ama Kanada hana shida hiyo kwa kawaida. Kupita Addis Ababa kunapunguza maneno.

Kwa sisi tuliobaki inchini, karte za banki zetu nyingi ni za konti ama za kujaza pesa kwanza, hazitoi maili. Ila kujiandikisha kwa programu ni bure, na maili za safari ni za abiria, hata kama tiketi imelipwa na ONG. Kuna wenzetu wanaoenda Nairobi na Addis mara nne kwa mwaka kwa semina na hawajaandikisha hata namba moja. Na mu kujiandikisha, jina liwe lile la paspoti. Sisi tuna nom, postnom na prénom. Ukiweka mbili kwenye konti na tiketi ikitoka na tatu, kompyuta inaona watu wawili na maili haziingii. Ikitokea hivyo, usitupe kile kikaratasi cha kupandia ndege: kwa miezi michache bado unaweza kuzidai.