Fundi wa Kuchomelea Vyuma na Riziki Yake

Mwenye kupita Gerezani, Dar es Salaam, saa za kazi, aghalabu hugeuza uso asiutazame mwanga mkali unaochomoza katikati ya mageti na nondo za madirisha, akenda zake akidhani kwamba kazi ile ni ya moto na nguvu tu. Walakini katika sanaa zitendwazo kwa mikono ni chache zilizosetiri maarifa mengi kama hii ya kuchomelea vyuma.

Umeme utokao katika mashine huruka uwazi mdogo baina ya kijiti alichokishika fundi na chuma kilicho mbele yake, na hapo huzuka joto linalopita mbali nyuzi 1,500 hivi za Selsiasi, ambazo ndizo ziyeyushazo chuma. Ncha ya kijiti na kingo za vyuma viwili huyeyuka pamoja vikawa kidimbwi kimoja. Na ule unga uliokigandia kijiti, ambao mgeni huudhani rangi tu, huungua ukatoa moshi uizuiao hewa isikiguse kidimbwi, kwani hewa ikipenya, chuma huganda kikiwa na vitundu ndani yake. Kinachobaki juu ni mavi ya chuma, ambayo fundi huyabandua kwa nyundo ndogo na kuyasugua kwa brashi ya waya, ndipo mshono udhihirike, nao ukiwa umetiwa na mkono uliotulia hupangana kama magamba ya samaki.

Uzuri huo wa juu hautoshi, na hapa ndipo njia za mafundi ziachanapo. Geti likiachia, mwenye nyumba humrudia fundi akalichomelea upya. Lakini bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, hadi Chongoleani karibu na Tanga, safari ya kilomita 1,443, halitaki kiungo cha kubahatisha. Viungo vya mabomba ya namna hiyo hupimwa kwa mionzi au kwa mawimbi ya sauti, hata tundu lisiloonekana kwa macho likafichuka. Kwa hiyo fundi atakaye kazi hiyo hutahiniwa kwanza: bomba huinamishwa nyuzi 45 likakazwa, nalo haligeuzwi, bali yeye ndiye alizungukaye, akichomelea juu, ubavuni, na chini yake, ambako chuma kilichoyeyuka hutaka kumdondokea. Jaribio hilo huitwa 6G, na aliyelishinda husikilizwa katika mitambo ya gesi, viwanda vya meli, na hata nchi za Ghuba.

Juu ya macho nasema kwa uchungu. Mwanga ule una miali isiyoonekana iunguzayo jicho bila maumivu ya papo hapo, hata usiku fundi akazinduka akihisi mchanga machoni. Na miwani ya jua, ambayo vijana wengi huivaa badala ya barakoa yenye kioo cheusi, haimkingi mtu. Mwenye karakana ampaye mwanagenzi mashine asimpe barakoa amemdhulumu.

Yule aliyejifunza kandokando ya barabara asidhani mlango umefungwa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi iliyoundwa Tanzania mwaka 1994, ina utaratibu wa kuwatahini waliopata ujuzi kazini, na kuwapa cheti wanaofaulu. Nacho, ingawa hakimfikishi mtu moja kwa moja kwenye bomba lililoinamishwa, humrahisishia kupokewa katika karakana kubwa, ambako msimamizi mwenye picha ya mionzi mkononi ataweza kumwonyesha kosa lake liliko.