Je, Wajua? Mita 60 za Barabara ya Mikumi

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, katika barabara kuu ya kwenda Iringa, vibao vinamtaka dereva asizidi kilomita 70 kwa saa. Kwa mwendo huo basi linakata zaidi kidogo ya mita 19 kila sekunde. Mpwa wangu anayesoma Kilosa hasafiri bila mchemraba wake wa Rubik, ule wa rangi sita. Safari moja tukaifanya barabara hiyo kuwa rula: muda wa kila bingwa wa mchemraba tukaugeuza kuwa mita za lami. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Je, wajua kwamba aliyeubuni mchemraba alitumia zaidi ya mwezi mzima kuupanga? Ernő Rubik alikuwa mwalimu wa usanifu mjini Budapest, Hungaria, alipouunda mwaka 1974. Alipozivuruga rangi kwa mara ya kwanza hakukuwa na fomula wala mtu wa kumuuliza njia. Ilibidi aitafute mwenyewe, kipande kwa kipande.

Je, wajua kwamba vipande sita kati ya vyote unavyoviona havihami? Mchemraba una vipande 26 vya nje: vya kona 8, vya ukingo 12 na vya katikati 6. Vya katikati huzunguka palepale tu. Kwa hiyo ukiona katikati pana rangi nyekundu, upande huo ni wa nyekundu, hata kama vipande vyote vinavyopazunguka vimevurugika. Mgeni wa mchemraba aanze na jambo hilo, maana linamwondolea nusu ya hofu.

Je, wajua kwamba mpangilio wake unaweza kuwa wa namna 43,252,003,274,489,856,000? Ukipitia mpangilio mmoja kila sekunde, bila kula wala kulala, utahitaji takriban miaka trilioni 1.37. Hiyo ni karibu mara 100 ya umri wa ulimwengu. Hata hivyo, mwaka 2010 watafiti walithibitisha kwa msaada wa kompyuta kwamba hakuna mvurugo unaohitaji zaidi ya hatua 20 kupangwa. Njia fupi ipo siku zote. Kazi ni kuiona.

Je, wajua kwamba kuna mchemraba usiopangika kamwe? Hili lilitukuta nyumbani Mikumi. Mchemraba ulianguka sakafuni, vipande vikatawanyika, mdogo mtu akavirudisha kwa nia njema. Siku mbili mpwa wangu alihangaika nao. Kila mara pande zote zilikaa sawa, ila kipande kimoja cha kona kikabaki kimegeuka. “Mjomba, imebaki kona moja tu, inakataa!” Hakuwa amekosea fomula. Ukivifumua vipande na kuvirudisha bila mpango, uwezekano wa kupata mchemraba unaopangika ni 1 kati ya 12. Na hakuna mfululizo wa hatua halali unaoweza kugeuza kona moja peke yake. Tuliichomoa ile kona, tukaigeuza kwa mkono na kuirudisha. Ukamalizika papo hapo.

Je, wajua kwamba bingwa wa kwanza wa dunia alitumia sekunde 22.95? Ni Minh Thai, kijana mzaliwa wa Vietnam aliyeiwakilisha Marekani mjini Budapest mwaka 1982. Kwa rula yetu, basi lingekata mita 446. Juni 2023 Max Park wa Marekani alimaliza kwa sekunde 3.13. Aprili 2025 Xuanyi Geng wa China, mtoto wa miaka 7, akamaliza kwa sekunde 3.05. Mita 446 zikawa zimeshuka hadi takriban 60 tu. Hata treni ya SGR inayopita Kilosa, ikiwa katika mwendo wake wa juu wa kilomita 160 kwa saa, isingefika mita 140 kabla mtoto huyo hajauweka mchemraba mezani.

Je, wajua kwamba mashine imeshaupanga ndani ya mita mbili hivi? Mwaka 2025 roboti ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, ilitumia sekunde 0.103.

Je, wajua kwamba wapo wanaoupanga wakiwa wamefunikwa macho? Mshindani huutazama mchemraba, hukariri mahali pa kila kipande, kisha hujifunika na kuanza. Mwaka 2022 Graham Siggins wa Marekani alikariri michemraba 65 na kufanikiwa kupanga 62, yote kwa dakika 57 na sekunde 47. Kwa muda huo basi letu lingekuwa limeshaimaliza hifadhi na kuuacha mji wa Mikumi nyuma.

Je, wajua kwamba bahati ya mara moja haitoshi? Katika mashindano, mshindani hupewa hadi sekunde 15 za kuukagua mchemraba kabla saa haijaanza. Akiisimamisha saa huku umebaki mgeuko mmoja, anaongezewa sekunde 2. Hupanga mara tano, muda bora na muda mbaya kuliko yote huondolewa, na mitatu iliyobaki hutafutiwa wastani. Mpwa wangu anafuata utaratibu huohuo kwa saa ya simu. Jumapili moja alipata 58.20, 49.71, 72.40, 52.36 na 55.93. Ondoa 49.71 na 72.40, wastani wake ni 55.50.

Je, wajua kwamba Watanzania tunaijua thamani ya sehemu hizo ndogo za sekunde? Septemba 2025 mjini Tokyo, Alphonce Felix Simbu alikimbia kilomita 42 na ushei, akatwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa tofauti ya sekunde 0.03. Nchi nzima tulishangilia upenyo ambao jicho halikuweza kuuona.

Mpwa wangu hana mpinzani wa karibu, hivyo anashindana na jana yake. Muda wake bora, 49.71, ameuandika nyuma ya daftari la hisabati, na pembeni yake ameandika kipimo chetu: mita 967. Chini yake ameacha mstari mtupu, na tayari ameanza kuniambia kwamba likizo ijayo, basi likiingia hifadhini, atakuwa amemaliza kabla ya mita 900.