Jua la Januari, nyumba ya Septemba

Mwaka 1910 mhariri wa gazeti moja la St. Petersburg, mji wa pwani ya magharibi ya Florida, alitangaza kwamba siku yoyote ambayo jua halitaonekana, gazeti litagawiwa bure. Ahadi hiyo ilidumu hadi gazeti lenyewe lilipofungwa mwaka 1986, na katika miaka yote hiyo 76, siku za bure hazikufika 300. Mhariri alijua wageni walikuja kununua nini, akaweka dau kwenye kitu hicho tu. Sijasikia gazeti lililoahidi nakala ya bure siku ya upepo.

Hesabu ya mhariri yule ndiyo wanayoitumia watu hadi leo kuchagua Florida. Jimbo lina zaidi ya watu milioni 21 kwa sensa ya 2020, na mmoja kati ya kila watano hivi ametimiza miaka 65. Safari huanza namna moja. Mume na mke kutoka Ohio au Michigan wanashuka kwa wiki mbili mwezi Januari, kwao theluji imefika magotini na Miami ni nyuzi 24. Wanakula samaki nje, chini ya mwavuli. Wiki ya pili wako kwa dalali. Wana miaka 64, wote wawili wanaendesha gari, na magoti yao bado yanatii amri. Lakini atakayekaa muda mrefu zaidi katika nyumba wanayoinunua ni mtu ambaye hakuitwa kwa dalali: mjane wa miaka 84, asiyeona vizuri usiku, mwezi Septemba.

Sababu ya kwanza inayotajwa baada ya jua ni kodi. Tangu 1924 katiba ya jimbo inakataza kodi ya mapato ya mtu binafsi, na wakati huohuo ilizuiwa kodi ya mirathi, kwa nia ya wazi ya kuwavuta matajiri wa kaskazini. Kwa tajiri, hilo ni jambo kubwa. Kwa mstaafu anayeishi kwa pensheni ya taifa pekee ni jambo dogo kuliko anavyodhani, kwa kuwa majimbo mengi ya Marekani hayaitozi kodi pensheni hiyo hata hivyo. Amehama maili elfu moja kukwepa ankara ambayo pengine asingeletewa. Isitoshe, kisichochukuliwa kwenye mshahara huchukuliwa dukani, ambako jimbo hutoza asilimia 6 na wilaya nyingi huongeza chao juu yake, na kwenye kodi ya nyumba.

Hiyo kodi ya nyumba ina kituko chake. Mwaka 1992 wapiga kura walipitisha kifungu kinachozuia thamani ya makazi ya kudumu isipandishwe kwa zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka kwa ajili ya kodi. Kilikusudiwa kumlinda mzee asifukuzwe na kodi nyumbani kwake, na kweli humlinda. Ila nyumba ikiuzwa, hesabu huanza upya kwa bei ya soko. Hivyo mgeni aliyehamia mwaka huu anaweza kulipa mara mbili au tatu ya anacholipa jirani yake mwenye nyumba ya namna ileile, aliyehamia zamani. Watakuwa marafiki, bila shaka, mradi wasizungumzie kodi.

Kuhusu joto, msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hahitaji darasa. Agosti ya Miami ni Februari ya Dar es Salaam, pamoja na unyevu wake. Tofauti ni kwamba nyumba za huko zimejengwa kana kwamba umeme haukatiki. Mwaka 1950 Florida ilikuwa na watu wasiofika milioni 3. Walioijaza baadaye waliletwa zaidi na kiyoyozi kuliko walivyoletwa na bahari. Mzazi wa mbali wa chombo hicho ni mkazi wa hukohuko. Daktari John Gorrie wa Apalachicola, akitafuta namna ya kuvipoza vyumba vya wagonjwa wa homa, alipata hataza ya mashine ya kutengeneza barafu mwaka 1851. Alikufa miaka minne baadaye bila senti. Siku hizi sanamu yake imesimama katika jengo la Bunge la Marekani.

Umeme ukikatika, joto ni lilelile la mwaka 1851, isipokuwa madirisha sasa ni madogo na wakazi ni wazee zaidi. Septemba 2017, Kimbunga Irma kilipopita, viyoyozi vya nyumba moja ya kulea wazee katika mji wa Hollywood, kaskazini ya Miami, vilikosa umeme. Watu 12 walikufa. Hospitali iliyokuwa na umeme na hewa baridi ilikuwa ng'ambo ya eneo la kuegesha magari. Mwaka uliofuata sheria ikazitaka nyumba za aina hiyo ziwe na jenereta za kutosha kupoza vyumba. Anayemtafutia mzazi mahali pa kulelewa aanze na kuomba kuonyeshwa jenereta, halafu ndipo aonyeshwe bustani.

Upepo wenyewe mara nyingi huanzia kwetu, yaani bara letu. Mawimbi ya hewa hutoka Afrika Magharibi kila kiangazi, yakavuka Atlantiki, na baadhi yake hufika upande wa pili yakiwa vimbunga. Msimu ni Juni hadi Novemba, na Septemba ndiyo kilele. Kinachoua zaidi si upepo wenyewe, ni maji, yakiwemo ya bahari yanayosukumwa nao hadi nchi kavu. Kimbunga Ian, tarehe 28 Septemba 2022, kiliyapandisha maji Fort Myers Beach, pwani ya magharibi, mita 3 na zaidi. Watu takriban 150 walipoteza maisha katika jimbo zima, na wengi wao walikuwa wamepita miaka 60. Na kukaa upande wa pili wa jimbo si kinga kamili. Milton alipokuwa anaelekea pwani ya magharibi, Oktoba 2024, vimbunga vidogo vilivyotangulia mbele yake viliua watu 6 katika mtaa wa wastaafu karibu na Fort Pierce, pwani ya mashariki.

Hapo ndipo bima inapoingia, na hapa ningemshauri mnunuzi akae muda mrefu kuliko alivyokaa ufukweni. Baada ya Kimbunga Andrew kuipiga wilaya ya Miami mwaka 1992, kampuni kadhaa za bima zilifilisika, na zilizobaki zilianza kuondoka au kuchagua wateja. Mwaka 2002 jimbo likaunda shirika lake, Citizens, la kuwakatia bima waliokataliwa kwingine. Lilikusudiwa liwe kimbilio la mwisho, lakini kufikia 2023 lilikuwa na mikataba zaidi ya milioni 1.4, na ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote jimboni. Kampuni binafsi siku hizi huuliza umri wa paa kabla ya kuuliza umri wa mwenye nyumba, na paa huzeeka upesi zaidi. Tena bima ya kawaida ya nyumba haihesabu mafuriko. Hayo yana bima yake, iliyoanzishwa na serikali kuu mwaka 1968, ambayo kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kulipiwa. Aliyeikata baada ya kukiona kimbunga kwenye televisheni amejinunulia karatasi.

Wapo wanaosema wataepuka paa na bustani kwa kununua fleti kwenye jengo refu, wakae ghorofa ya nane watazame bahari. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Juni 2021, sehemu ya jengo la ghorofa 12 huko Surfside, lililojengwa 1981, iliporomoka, ikaua watu 98. Mhandisi alikuwa ameshaandika kuhusu ubovu wa zege mwaka 2018. Wenye fleti walibishana kwa muda mrefu juu ya gharama, na michango ya matengenezo, jumla yake dola milioni 15, ilikuwa ndiyo kwanza imeitishwa. Mimi siwalaumu sana. Mwenye miaka 79 akiambiwa alipe dola elfu themanini ili jengo lidumu miaka 40 zaidi, hesabu yake haiwezi kuwa sawa na ya mhandisi.

Mwaka 2022 sheria iliwaondolea ubishi. Majengo ya ghorofa tatu na zaidi yakaguliwe yakifikia umri wa miaka 30, na akiba ya matengenezo makubwa iwekwe bila wenye fleti kupiga kura ya kuikwepa. Sheria ni nzuri. Matokeo yake ni kwamba fleti za zamani karibu na bahari huonekana rahisi bila sababu inayotajwa kwenye tangazo, na mstaafu mwenye kipato kisichopanda hupata barua ya chama cha wamiliki inayompandisha shinikizo la damu. Kabla ya kuuliza fleti inatazama wapi, aombe kumbukumbu za mikutano ya chama za miaka mitano. Hakuna usomaji unaochosha kama huo, wala unaofaa kama huo.

Kuuza Florida kwa watu wasioijua ni sanaa ya zamani. Cape Coral, mji wa watu zaidi ya 200,000 leo, ulianzishwa 1957 na ndugu wawili wa Baltimore, Leonard na Jack Rosen, ambao kabla ya hapo walijulikana kwa kuuza dawa ya nywele kwenye televisheni. Walichimba mifereji kilomita mia kadhaa, wakakifukia kinamasi kwa udongo wa mifereji hiyo, kisha wakauza viwanja kwa simu na kwa karamu za chakula cha jioni huko kaskazini, kwa malipo kidogo kidogo kila mwezi. Viwanja vingi vina maji nyuma yake, ingawa si kila mfereji unafika baharini. Ian alipokuja, maji hayakusumbuliwa na tofauti hiyo.

Upande mwingine wa jimbo la wazee, mbali na bahari, ni The Villages, kaskazini-magharibi ya Orlando. Hapa wengi wa wanaoishi ni wa miaka 55 na zaidi, vigari vya gofu vina njia zake, na kati ya sensa ya 2010 na ya 2020 eneo hilo lilikua kwa kasi kuliko eneo lingine lolote la miji Marekani. Wilaya ya Sumter, ambako sehemu kubwa yake ipo, ndiyo yenye wakazi wazee kuliko wilaya zote za nchi. Wajukuu wanakaribishwa kwa siku 30 kwa mwaka. Ni kama viza ya mtalii, isipokuwa afisa uhamiaji ni jirani. Nimejaribu kulicheka jambo hili na sikufaulu mpaka mwisho. Mzee anayepoteza leseni ya gari, ambayo akishafika miaka 80 haihuishwi bila kupimwa macho, bado anaweza kwenda dukani, kanisani na kwa rafiki yake kwa kigari cha gofu. Miji mingi mizuri ya ufukweni haimpi hata hilo.

Wasomaji wengine wa makala hii watakuwa wanajisoma wenyewe. Waliofika Minneapolis, Boston au Dallas miaka ya 1990 wakitokea Nairobi, Arusha au Bukavu wanakaribia miaka 65, na wengi hawalinganishi Florida na Arizona, wanailinganisha na Kilifi au Tanga. Aliyefanya kazi robo-mwaka 40, yaani miaka kumi, ana haki ya pensheni ya taifa, na kwa aliyechukua uraia wa Marekani pensheni hiyo humfuata hata akirudi pwani yetu. Medicare, bima ya matibabu ya wazee, haivuki bahari ila kwa nadra sana. Pesa inasafiri na matibabu hayasafiri. Ndiyo maana baadhi yao huishia Florida kwa sababu ambayo haina uhusiano wowote na gofu: joto ni la nyumbani, minazi ipo, na kadi ya hospitali inasoma.

Kwa hao, na kwa yule mjane wa Septemba, ningetaja mji ambao hauonekani kwenye kadi za posta. Gainesville uko ndani ya jimbo, zaidi ya saa moja kwa gari kutoka bahari yoyote. Una chuo kikuu, hospitali kubwa ya kufundishia madaktari, mabasi ya mji, na mialoni inayotia kivuli barabarani. Kimbunga kikiufika huwa kimeshapungua nguvu, na maji ya bahari hayafiki kabisa. Ardhi ya chini ni mawe ya chokaa, kwa hiyo wakati mwingine hudidimia, maana Florida haikubali kukosa neno. Nikiwaambia watu jina hilo, huniuliza bahari iko wapi.

Wengine huondoka. Wamepewa jina la utani linalomaanisha waliorudi nusu ya njia: walihama kutoka kaskazini hadi Florida, joto na bima vikawashinda, na sasa wako kwenye milima ya North Carolina, hawajafika kwao wala hawakubaki walikokwenda.

St. Petersburg, mji wa lile gazeti, ulikuwa na kitu kingine. Mwaka 1908 muuza viwanja mmoja aliweka mabenchi mbele ya ofisi yake, na wenzake wakamwiga. Mwaka 1916 mji ukaamuru yote yapakwe rangi ya kijani. Yakafika maelfu. Wazee weupe walikaa hapo mchana kutwa wakisomeana gazeti na kupigana vijembe. Weusi, wakiwemo waliojenga mji wenyewe, hawakuruhusiwa kukaa. Miaka ya 1960 wakubwa wa mji waliona haya kuitwa mji wa wazee, wakaanza kuyaondoa mabenchi ili vijana wasitishike. Siku hizi jina la mabenchi hayo linatumiwa na kiwanda kidogo cha bia mjini humo, na mzee wa pembeni mwa mji anayetaka kukaa barabarani kutazama watu inabidi kwanza atafute wa kumpeleka.