Programu za kompyuta: nani ameshika mizani?

Ndugu msikilizaji, upo mjadala ambao siku hizi haukosekani palipo na vijana watatu na kompyuta moja. Utausikia kwenye vibanda vya mafundi simu pale Makoroboi, utausikia kwenye steshenari za Igoma, na utausikia kwa wanafunzi wa vyuo wanaosubiri daladala Nyegezi. Mmoja husema kwamba kampuni kubwa za teknolojia ni wanyonyaji, zinatuuzia kwa bei ya kuruka kitu ambacho tungeweza kukipata bure. Wa pili humjibu kwamba hakuna cha bure duniani, na fundi naye ana watoto wa kulisha. Wa tatu hucheka na kusema kwamba hizo kampuni mnazozigombania zenyewe zinakula kwa kutumia programu hizo hizo za bure. Basi hapo sauti hupanda kana kwamba ni siku ya Simba na Yanga.

Katika mazungumzo yetu ya juma hili tutajaribu kuupambanua mjadala huo, kwa sababu vijana wote watatu wana sehemu ya ukweli, na kwa sababu jambo lenyewe linamgusa hata asiyemiliki kompyuta.

Kwanza tuelewane juu ya programu ni kitu gani. Programu ni maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Fundi huyaandika maagizo hayo kwa lugha maalumu ambayo mtu aliyefunzwa anaweza kuisoma, na maandishi hayo ndiyo tunayoyaita msimbo. Kisha msimbo hugeuzwa kuwa mlolongo wa tarakimu ambazo mashine huzitekeleza, lakini binadamu akizitazama haambulii kitu. Kampuni inayouza programu iliyofungwa hukupa zile tarakimu, na msimbo ikaufungia kabatini. Programu huria hutolewa pamoja na msimbo wake, na leseni yake inakuruhusu mambo manne: kuitumia kwa kazi yoyote, kuusoma msimbo wake, kuubadili, na kuwagawia wengine, iwe kama ulivyoipata au kama ulivyoibadili.

Angalia kwamba katika mambo hayo manne hakuna neno bure. Mtu anaruhusiwa kuuza programu huria. Asichoruhusiwa, chini ya baadhi ya leseni hizo, ni kumnyang'anya mnunuzi uhuru ule ambao yeye mwenyewe aliupata.

Sisi wa kanda ya Ziwa tuna historia inayotusaidia kulielewa jambo hili. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa na manung'uniko mazito juu ya mizani za wanunuzi. Mkulima alitoka na mzigo wake nyumbani akijua alichovuna, akifika kwa mnunuzi anaambiwa uzito mwingine. Wakulima hawakudai wapewe mizani bure. Walichodai ni mizani ambayo wao wenyewe wanaweza kuikagua. Wakaweka watu wao wa kupima, wakajipanga chini ya uongozi wa marehemu Paul Bomani, na mwaka 1955 kikaundwa chama kikuu cha ushirika, Victoria Federation of Co-operative Unions, kilichokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika. Programu iliyofungwa ni mizani usiyoweza kuifungua. Yawezekana kabisa ikawa inapima kwa haki, lakini wewe huna njia ya kulithibitisha hilo isipokuwa kumwamini mwenye mizani.

Sasa tuangalie ugomvi wenyewe ulianzia wapi. Mwaka 1976 kijana mmoja wa Kimarekani, Bill Gates, ambaye kampuni yake ya Microsoft ilikuwa changa, aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta akiwalaumu kwamba wengi wao wanaiba programu zake kwa kunakiliana. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuielewa: kama hakuna anayelipa, nani atakaa kufanya kazi nzuri? Hoja hiyo haijafa hata leo, na ndiyo ya yule kijana wetu wa pili.

Miaka michache baadaye mtaalamu mwingine wa Kimarekani, Richard Stallman, alikutana na kero ya aina nyingine katika chuo cha MIT. Maabara yao ilipewa mashine ya kuchapa kutoka kampuni ya Xerox, mashine ikawa inakwama karatasi mara kwa mara. Stallman alikuwa na ujuzi wa kurekebisha programu yake ili angalau iwaarifu watu inapokwama, lakini msimbo alinyimwa. Mwaka 1983 akatangaza kazi ya kuunda mfumo mzima wa kompyuta ulio huria, akauita GNU. Jambo la busara alilolifanya ni la kisheria. Hakuitupa hakimiliki yake, bali aliigeuza kuwa uzio wa kulinda mali ya wote. Leseni yake inasema kwamba ukiichukua programu ukaibadili, kisha ukaisambaza, basi sharti nawe utoe msimbo wako kwa masharti yale yale.

Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, akiwa na umri wa miaka 21, alitangaza kiini cha mfumo alichokuwa akikiandika, ambacho kikaja kuitwa Linux, na baadaye akakiweka chini ya leseni hiyo ya Stallman. Maelfu ya mafundi duniani wakaongeza mikono yao. Leo, kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zinatumia Linux. Na simu za Android ambazo wengi wetu tunazo mfukoni, ndani yake mna kiini hicho hicho.

Hapa ndipo kijana wa tatu anapopata hoja yake. Mwaka 2001 mkuu wa Microsoft wa wakati huo, Steve Ballmer, aliifananisha Linux na ugonjwa wa saratani. Mwaka 2018 kampuni ile ile ililipa dola bilioni 7.5 kuinunua GitHub, mahali ambapo mafundi wa programu huria huhifadhi kazi zao. Mwaka uliofuata IBM ikakamilisha ununuzi wa Red Hat, kampuni iliyokua kwa kuuza huduma za Linux, kwa dola bilioni 34. Je, kampuni hizi zilitubu? Hasha. Zilipiga hesabu. Kama kila kampuni inahitaji msingi ule ule, ni nafuu kuujenga pamoja na kushindana katika ghorofa za juu. Faida haitoki katika msingi; inatoka katika huduma, katika kukodisha mitambo, na katika matangazo. Hata Android yenyewe, kiini chake ni huria, lakini duka la programu na huduma nyingi za Google zinazokuja juu yake zimefungwa. Jiko ni la wote, ila chungu kina mfuniko.

Ndugu msikilizaji, utaratibu huo una malalamiko yake, na si madogo. Mwaka 2014 iligunduliwa kasoro kubwa katika OpenSSL, programu huria iliyokuwa ikilinda siri za sehemu kubwa ya tovuti za dunia, zikiwamo za biashara. Watu walipochungulia nani anaitunza, walikuta mafundi wachache mno wenye fedha kidogo, ilhali matajiri wote wanaitegemea. Mwaka 2021 kampuni ya Elastic ilibadili leseni ya programu yake ikilalamika kwamba Amazon inaikodisha kwa wateja na kuvuna faida. Amazon nayo ikachukua toleo la mwisho lililokuwa huria, ikaliendeleza kwa jina jingine. Mwaka 2024 Elastic ikarejesha leseni huria. Kwa hiyo usidhani kwamba huko kwa wenzetu kila mtu anagawa kwa moyo mweupe. Wanavutana kama sisi tunavyovutana.

Mwezi Machi 2024 ikatokea hatari nyingine. Mtu aliyejificha nyuma ya jina la bandia alikuwa amefanya kazi kwa zaidi ya miaka miwili katika programu ndogo huria iitwayo xz, akijijengea kuaminiwa, hatimaye akapenyeza ndani yake mlango wa siri. Mhandisi mmoja, Andres Freund, alishangaa kuona kazi fulani inachelewa kwa kama nusu sekunde. Akafuatilia, akausoma msimbo, akaufichua ule uovu kabla haujaenea. Na huyo mhandisi aliajiriwa na nani? Na Microsoft. Kisa hiki kinatufunza mambo mawili. Uwazi haumzuii mwizi kuingia, lakini unampa mwenye macho nafasi ya kumwona. Na macho hayo lazima mtu ayalipe mshahara.

Je, sisi tumo wapi katika hadithi hii? Tumo, na tulianza mapema. Mwezi Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupigia mahesabu ambayo maelekezo yake yote yalikuwa kwa Kiswahili. Hakuna aliyehitaji kwenda kupiga magoti kwa kampuni yoyote kuomba kibali. Msimbo ulikuwa wazi, Watanzania wakakaa chini wakatafuta maneno, kazi ikafanyika. Katika miaka ile ile Microsoft nayo ilitoa vazi la Kiswahili kwa ajili ya Windows na Office. Ushindani wa namna hiyo una faida kwa mwenye lugha.

Lakini sikiliza kilichofuata. OpenOffice ilikuwa chini ya kampuni ya Sun, na Sun ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010. Mafundi wengi wa kujitolea walitia shaka juu ya mwenye nyumba mpya. Mwaka huo huo wakauchukua msimbo, kama leseni ilivyowaruhusu, wakaanzisha LibreOffice, ambayo ipo mpaka leo na Kiswahili kimo ndani yake. Kampuni iliuzwa, kazi ya Kiswahili haikuuzwa pamoja nayo. Ingekuwa programu iliyofungwa, mnunuzi angeweza kuizika siku ya pili na sisi tukabaki kutazamana.

Hali kadhalika katika afya. Huko Eldoret, Kenya, mwaka 2006 ulianza kutumika mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa uitwao OpenMRS, uliobuniwa kutokana na mahitaji ya kuwahudumia watu wenye virusi vya UKIMWI. Hapa Tanzania, takwimu za vituo vya afya hukusanywa kwa mfumo wa DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo huku Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa mmoja wa washirika wake wa siku nyingi. Wataalamu wetu wamejifunza kuutengeneza na kuurekebisha. Ujuzi huo hauondoki pale mfadhili anapofunga mkoba.

Hata hivyo, tusidanganyane kwamba kutolipia leseni ndiyo kutokuwa na gharama. Programu huria inahitaji fundi wa kuiweka, mwalimu wa kufundisha, na mtu wa kuitazama kila inapotoka marekebisho. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nchi inayochukua tu kazi za wengine bila kusomesha vijana wa kuzisoma na kuzirekebisha bado ni tegemezi. Imebadili tu anayetegemewa.

Na tuseme wazi juu ya jambo ambalo mitaani linachukuliwa kuwa la kawaida. Kompyuta nyingi kwenye ofisi ndogo na steshenari zina programu zilizochakachuliwa. Hiyo si programu huria, ni programu ya wizi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu. Na hasara yake haiishii mahakamani, maana aliyeichakachua hukupa tarakimu tupu, msimbo hukuuona, na mara nyingi marekebisho ya usalama huyapati. Umekosa uwazi wa huria, na umekosa dhamana ya muuzaji.

Basi mtu wa kawaida wa Mwanza afanye nini? Chukua mfano wa SACCOS ya wavuvi pale Kirumba inayotaka kuhamisha hesabu za wanachama kutoka kwenye daftari kwenda kwenye kompyuta. Kabla ya kutia saini, viongozi wamwulize muuzaji maswali matatu. La kwanza: tukitaka kuhama kesho, tutaondoka na kumbukumbu zetu zote katika namna ambayo programu nyingine inaweza kuisoma? La pili: ikiharibika, ni wewe peke yako unayeweza kuitengeneza, au fundi yeyote mwenye ujuzi? La tatu: ukipandisha bei au ukifunga duka, sisi tutabaki na nini mkononi? Maswali hayo yanafaa kwa shule, kwa hospitali na kwa halmashauri pia. Muuzaji wa programu iliyofungwa anaweza kuyajibu vizuri, basi anunuliwe. Wa programu huria anaweza kuyajibu vibaya, basi akataliwe.

Wazee wetu walituasa kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Zama hizi daftari limeingia ndani ya mashine. Kuwa na daftari peke yake hakutoshi. Sharti uwe na haki ya kulifungua, kulisoma na kuondoka nalo bila kuomba ruhusa ya mtu aliye mbali. Wakulima wa pamba walilielewa hilo wakiwa mbele ya mizani. Nasi tulielewe tukiwa mbele ya kompyuta.