Umepata oda ya kitako cha santuri? Uliza mashine kwanza, mbao baadaye

Mafundi wa fanicha, hii ni yenu. Kuna watu wanafufua mashine za zamani za kupigia santuri, na wanalipa vizuri kutengenezewa kitako, yaani lile boksi zito ambalo mashine inakaa juu yake. Shida ni moja: fundi anasikia "kiwe kizito", anakimbilia kununua jiwe. Subiri kwanza.

Muulize mteja ana mashine gani. Akisema Garrard 401, ya Uingereza, iliyotoka 1965, hapo uzito una kazi. Mashine ile iliuzwa bila kitako. Mota yake inazunguka karibu mara 1,500 kwa dakika, inasukuma sahani kwa gurudumu la mpira, na sahani yenyewe inazunguka mara 33 tu na kidogo. Mtikisiko wa mota ukifika kwenye sindano, spika zinaunguruma. Kitako kizito, kisichopinda, kinatikisika kidogo zaidi.

Lakini akisema Linn LP12, mambo yanageuka. Ile ina mkanda, na sehemu ya sahani na mkono inaelea juu ya springi. Ukiongeza uzito kwenye sehemu inayoelea, springi zinalala na umeharibu mashine ya watu. Hapo anataka boksi jepesi kiasi, gumu, lenye kona zilizoungwa sawasawa.

Turudi kwa 401, ndiyo yenye kazi. Chukua kitako cha sentimita 50 kwa 40, unene 9, kabla hujatoboa tundu la mota. Plaiwudi ya birch itakupa kama kilo 12. MDF kama 13 na nusu. Jiwe la sleti? Karibu 50! Nani atalibeba, na meza gani italishika? Graniti ni rahisi kupata mabaki yake kwa watu wa kaunta za jikoni, ila gonga uone: inalia. Kinacholia hakifai hapa.

Mimi ningeenda na plaiwudi, tabaka 5 za milimita 18, gundi nyeupe kila mahali, klempu usiku kucha. Ukichanganya na MDF katikati ni sawa kabisa, kwa sababu vitu viwili tofauti haviitikii mtikisiko kwa namna moja. MDF usiiache wazi, ikinywa maji inavimba.

Mninga mzima unapendeza, sikatai, ila ubao mpana unacheza na unyevu, ukipinda mashine inakaa upande. Weka mninga kwa nje, kama pambo.

Kipande cha kushikia mkono kitengeneze peke yake, kifunguke kwa skrubu. Mkono wa SME 3009 unakaa kama milimita 215 kutoka katikati ya sahani, wa Rega 222. Mteja akibadilisha mkono, anarudi kwako kununua kipande tu, hatupi kitako chote.

Bei usipige kwa kilo. Hela yako iko kwenye kukata tundu: mota isiguse mbao popote. Kwa hiyo usikate kwa picha ya simu. Mwambie alete mashine yenyewe, pamoja na hela ya plaiwudi mkononi, ndipo uwashe msumeno.