Konzo: njaa inapofupisha siku za udaga

Mwaka 1985, ukame ulipoibana Wilaya ya Tarime mkoani Mara, watu waliokuwa wazima walikakamaa miguu ghafla. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 ulitaja wagonjwa 39. Walioufanya ni pamoja na Glen Brubaker, daktari wa Hospitali ya Shirati, Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, na Hans Rosling wa Sweden.

Ugonjwa huo ni konzo. Hauendelei kuzidi, lakini hauponi. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Huletwa na sumu ya muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha. Muhogo huo una kemikali iitwayo linamarini. Mzizi ukipondeka au kuchachuka, kimeng'enya huigeuza kuwa sianidi, sumu inayopotea hewani. Ndiyo maana walaji wa ugali wa udaga, yaani muhogo uliovundikwa, huko Musoma, Bunda na Butiama humenya muhogo, wakauvundika siku kadhaa, wakauanika, ndipo wakatwanga. Sianidi inayobaki, mwili huipunguza makali kwa salfa itokayo kwenye protini. Dagaa na maharage vikikosekana, kinga hiyo hudhoofu.

Mbona basi watu walioijua kazi hii tangu enzi za mabibi walikula sumu? Swali hilo maabara hailijibu. Ni la wanasosholojia wa afya na chakula. Tarime, njaa haikungoja muhogo uive kwenye mvundiko. Bandundu, nchini Kongo, barabara ya Kinshasa ilileta wanunuzi, na siku za kuloweka zikapunguzwa ili mzigo uwahi sokoni. Malawi, mtafiti Linley Chiwona-Karltun aliwauliza wakulima wanawake kwa nini wanashikilia muhogo mchungu. Sababu mojawapo ilikuwa wizi: mchungu hauliwi mbichi, hivyo mwizi huupita. Ukimwambia mama kama huyo ang'oe mchungu apande mtamu, umemvunjia uzio wa shamba.

Kuna njia isiyomgharimu. Changanya unga wa muhogo na maji, utandaze kwenye mkeka usizidi unene wa sentimita 1, uuache juani kwa muda wa saa 2 au kivulini saa 5, kisha upike ugali siku hiyohiyo. Mbinu hiyo ilibuniwa na Howard Bradbury wa Australia.

Kwa hiyo ofisa lishe anayezuru kaya msimu wa kiangazi asianze na somo la kuvundika, ambalo mwenyeji analijua kuliko yeye. Aulize kwanza: chakula kilichobaki kitatosha hadi lini, na muhogo wa leo umevundikwa siku ngapi?